Mzee Ambilikile na Choo cha Ndani

Kila asubuhi, mvua inyeshe isinyeshe, Mzee Ambilikile alichukua mwavuli na fimbo yake, akatoka. Alisema anakwenda kunyoosha goti. Goti hilo ndilo lililomtoa kijijini kwake Kisondela, kwenye vilima na utelezi, likamleta Tukuyu mjini nyumbani kwa mwanawe Obed, ambako angalau kulikuwa na lami ya kutembelea na hospitali ya karibu.

Vaileth, mke wa Obed, alikuwa akimtazama kupitia dirishani huku akifuma masweta ya shule kwenye mashine yake. Kuna jambo lilimtatiza. Mtu anayenyoosha goti huenda mbele akarudi, akisimama hapa na pale kusalimiana na watu. Mzee huyu hakufika hata barabarani. Alikata kona kwenye migomba, akapotea, na baada ya kitambo akarudi ana uso mwepesi kama mtu aliyetua mzigo.

Kumuuliza hakuweza. Zamani, kwa Wanyakyusa, mke wa mtoto hakukutana uso kwa uso na baba mkwe wake. Akimsikia anakuja, aliacha njia akajificha migombani mpaka apite. Siku hizi mambo hayo yamelegea, wakwe wanakaa benchi moja kanisani. Lakini Mzee Ambilikile alikuwa mtu wa kale. Vaileth akiingia sebuleni, yeye aligeuzia uso dirishani. Akitaka chumvi, aliiomba hewani: "Mboga hii ingependa chumvi kidogo." Vaileth naye alipiga magoti mlangoni, akaisogeza chumvi, akaondoka. Walipokuwa na Obed, yeye ndiye aliyekuwa daraja lao. Sasa Obed alikuwa safarini Dar es Salaam na lori la parachichi, na mtoto wao Lwitiko alikuwa shule ya bweni. Nyumba ilibaki na watu wawili waliokwepana kwa heshima.

Jibu lilikuja lenyewe siku Esnath, jirani yao wa upande wa chini, alipofuata sweta la binti yake.

"Mama Lwitiko, mkwe wako ana adabu kweli," Esnath alisema akilijaribu sweta kwa kulivuta mabegani. "Kila asubuhi anapiga hodi kwanza, ndipo anaingia chooni kwetu."

"Chooni kwenu?"

"Kwani hukujua? Mie nilidhani chenu kimejaa."

Vaileth alicheka kidogo, kicheko cha kufunika aibu. Esnath alipoondoka, alikwenda moja kwa moja chooni, akasimama mlangoni na kukitazama kana kwamba yeye ndiye mgeni. Choo cha kukaa, cheupe, chenye vigae mpaka kiunoni. Na mzee wa watu anakwenda kuchutama kwenye shimo la jirani na goti bovu! Alitupa kipande cha karatasi, akavuta maji. Maji yalitoka kivivu, yakazunguka, yakapanda kidogo, kisha yakashuka bila kubeba kitu. Karatasi ilibaki inaelea.

Wenyewe walikuwa wamezoea. Unavuta, unasubiri, unavuta tena, halafu unamalizia kwa ndoo iliyokuwa pale pembeni siku zote. Walikuwa wamezoea hata wakasahau kwamba ni ubovu. Lakini mtu mwenye fimbo mkono mmoja angeinuaje ndoo iliyojaa? Na kile asichoweza kukisukuma, nani angekuja kukikuta? Mke wa mwanawe. Vaileth alijishika mashavu. Yalikuwa ya moto.

Alimpigia Obed.

"Fundi Jackson nilimwambia tangu Pasaka," Obed alisema, honi za malori zikilia nyuma yake. "Anasema tanki hilo limezeeka, tuling'oe tuweke jipya."

"Alilifungua?"

"Alilitazama."

"Alilitazama akiwa mlangoni?"

Obed akacheka. "Nisubiri basi nirudi."

Hakusubiri. Mashine yake ya kufumia alikuwa akiifungua mwenyewe kila iliporuka nyuzi, na hakuna siku aliyoifungua akakosa kujifunza kitu. Akainua kifuniko cha tanki la choo, akakilaza juu ya taulo, akachungulia. Ajabu, miaka yote hiyo hakuwahi kuona mna nini mle ndani. Palikuwa na boya jeusi kwenye mkono wa chuma, mnyororo mwembamba, na mpira wa duara uliokalia tundu la chini. Maji yalikuwa tele. Akavuta mkono wa nje huku macho yakiwa ndani. Mpira ukainuka vizuri, ukakaa juu. Njia ilikuwa wazi, lakini maji yalishuka polepole, kama chai kwenye chujio lililoziba.

"Leo nyumba hii ina fundi?" sauti ikauliza koridoni.

Vaileth akashtuka, akajifunga kitenge vizuri. Mzee alikuwa amesimama nyuma ya mlango uliorudishwa nusu, akizungumza na ukuta.

"Ni mimi, baba. Natazama kwa nini maji hayana nguvu."

Vaileth alitamani vigae vifunuke vimmeze. Sasa mzee amejua kwamba yeye amejua.

"Kutakuwa kumeziba chini ardhini," mzee akasema hatimaye. "Mfereji ukijaa matope kule mbele, maji hurudi huku nyuma. Itabidi kuchimba."

"Huenda, baba. Lakini tutajuaje kabla hatujachimba?"

Fimbo ikagonga sakafu mara kadhaa, kama inayofikiri. Vaileth akaitazama ndoo pale pembeni, na hapo ndipo wazo lilipomjia. Ndoo! Kila siku walimwaga ndoo na kila siku ilikwenda. Akaijaza, akaimwaga yote kwa mkupuo. Sinki la choo likanguruma, likameza maji, karatasi na kila kitu.

"Yamekwenda?" sauti ya koridoni ikauliza haraka.

"Yote, baba!"

"Basi huko chini hakuna neno."

"Na tanki limejaa. Kwa hiyo ubovu uko hapa katikati, maji yanapotoka kwenye tanki kuingia kwenye sinki."

"Hapo katikati pana nini?"

"Sijui, baba. Ni chini ya ukingo, hapaonekani. Ningekuwa na kioo kidogo..."

Fimbo ikaondoka koridoni kwa haraka ambayo goti lile halikuwahi kuionyesha, ikarudi. Mkono wa mzee ukapenya kwenye mwanya wa mlango umeshika kioo chake cha kunyolea ndevu.

Vaileth alipiga magoti, akawasha tochi ya simu, akakiingiza kioo chini ya ukingo. Akaona vitundu vimejipanga kuzunguka sinki zima, kimoja baada ya kingine. Vichache vilikuwa wazi. Vingine vilikuwa na upana wa tundu la sindano, na vingi vimezibwa kabisa na ukoko wa kahawia.

"Unaona nini?" mzee alishindwa kuvumilia.

"Vitundu, baba! Maji yanapitia kwenye vitundu, na vimeziba."

Akavaa mifuko ya plastiki mikononi, akachukua sindano yake kuukuu ya kufumia, ile yenye ndoano, akaanza kuchokonoa tundu moja moja. Ukoko ulitoka vipande vipande, ndani yake mna chembe nyeusi laini.

"Ni mchanga, baba. Mweusi."

"Mchanga wa mlimani huo," mzee akasema, kama mtu aliyetajiwa ndugu yake. "Wakati wa masika maji si huja na rangi ya chai? Ndipo unapokuja nayo."

Alipomaliza upande wa kushoto alijaribu. Maji yakaruka kwa nguvu upande huo tu, yakamrushia hadi kwenye nywele, akapiga ukelele, na nyuma ya mlango mzee akacheka. Vaileth hakuwa amewahi kumsikia akicheka. Akarudi kwenye upande wa kulia, kisha akasugua kote kwa brashi na sabuni, akavuta tena. Safari hii maji yalishuka pande zote kwa pamoja, yakazunguka kwa kishindo, yakatoweka kwa mngurumo.

"Karibu, baba," alisema, akapita haraka ameinamisha uso. Akaenda jikoni, akaanza kugonganisha masufuria ili asisikie lolote.

Hata hivyo alisikia. Mngurumo mmoja. Baada ya tanki kujaa, wa pili. Kisha wa tatu. Akaacha masufuria. Kimeharibika tena? Akanyata mpaka koridoni.

Mlango ulikuwa wazi. Mzee Ambilikile alikuwa ameegemeza fimbo ukutani, kichwa chake kimeinamia tanki ambalo Vaileth hakuwa amelirudishia kifuniko.

"Mama Lwitiko," aliita bila kugeuka. "Njoo. Hili dude jeusi linajuaje kwamba maji yametosha?"

Vaileth alisita kizingitini, kisha akaingia. Wakasimama bega kwa bega, jambo ambalo halikuwahi kutokea tangu aolewe.

"Linaelea, baba. Maji yakipanda, nalo linapanda. Likifika hapa, mkono huu unaibana koki."

Mzee akavuta maji mara ya nne. Walitazama boya likizama, likianza kupanda taratibu, mpaka sauti ya maji ikakatika.

"Ndaga fijo," akasema kwa Kinyakyusa. Asante sana. Vaileth hakujua kama anashukuriwa yeye au boya.

Kisha mzee akageukia sinki, akaliinamia, uso umekunjamana.

"Na haya yaliyobaki humu chini? Maji yote yamekwenda kwa kishindo vile, mbona haya hayakufuata wenzake?"

Vaileth akainama naye. Yalikuwa yametulia chini pale, meupe, kiasi kile kile cha siku zote.

"Hilo, baba," alisema, "hata mimi silijui."

"Vuta tena," mzee akasema. "Mimi nitatazama huku, wewe tazama kule."