Mwanamke Aliyepika Kila Sura

Otilia alikuwa akikata mabiringanya ya mchana pale mwanamke wa kwenye riwaya alipoingia jikoni, akavua viatu vyake vya mbao mlangoni, akala chakula alichowekewa dirishani marehemu mke wa Apo Fidencio. Alimaliza wali, akamaliza samaki, akaramba vidole. Marehemu hakulalamika.

Otilia alimtambua mara moja. Apo, yaani bwana mzee, mwajiri wake, alikuwa akiandika riwaya ya vita vya kumfukuza Mhispania, na kila alichokipiga taipu alikisoma kwa sauti nyumba nzima ikasikia. Kila sura mwanamke huyu alipika: wali wa wapiganaji, uji wa majeruhi, kuku wa jenerali.

"Ongeza wali, dada," Otilia alimwambia.

"Nitaongeza mpaka sufuria iishe, mdogo wangu. Mle kitabuni hapakuandikwa popote kwamba nilikula."

Otilia akampakulia choroko, ndizi, hata paja la kuku la Apo. Wapi! Njaa ya kuandikwa haikutaka chakula cha jikoni. Basi alipopeleka kahawa alimwomba Apo aongeze sentensi moja tu, kwamba mwanamke aliketi akala.

Aliyeshiba hamjui mwenye njaa, lakini Apo hakuwa mtu mbaya. Alimpenda sana mwanamke yule. Alisema ndiye taifa lenyewe.

"Ila nikimkalisha ale, Tilia, askari watapakuliwa na nani? Vita vitasimama."

Otilia alirudi jikoni na jibu hilo. Mwanamke akavaa viatu, akarudi kurasani, kwa kuwa majeruhi walikuwa wakingoja uji.

Riwaya ilitoka, ikasifiwa, ikaingia mashuleni. Siku ya karamu walikuja mawakili, padri na seneta, wakasimama kuinua glasi kwa heshima ya mama wa taifa. Mama wa taifa alikuwa nyuma yao na bakuli la supu, maana wageni wale Otilia asingewamudu peke yake. Seneta alimwomba chumvi, akamletea.

Walipofika kwenye kahawa, Apo alichungulia jikoni, uso umemchangamka.

"Mmekula?" akauliza, kama jirani anavyomsalimu jirani.

"Tumeshakula, Apo," walijibu wote wawili.

Apo akafurahi, akarudi kwa wageni wake, waliomaliza hata ukoko. Sufuria zote zilikuwa tupu.