Siku Alamelu Alipoiona Kriketi

Ngazi za jukwaa la uwanja wa Chepauk hazikuihurumia miguu ya Alamelu. Alipanda moja moja, kashika chuma cha pembeni, huku mwanawe Ilango akimtangulia na tiketi mkononi.

"Pole pole, Mama. Zimebaki kumi na mbili tu."

"Kumi na mbili umeanza kuzitaja tangu kule chini."

Alikuwa mpishi wa shule kwa miaka thelathini na minane, kazi ya kusimama mbele ya masufuria tangu alfajiri. Na akirudi nyumbani, alisimama tena. Marehemu mumewe, Nagalingam, aliamini kwamba Alamelu akiingia sebuleni wakati timu ya India inapiga mpira kwenye televisheni, mpigaji hutolewa. Ilitokea mara moja, ikatokea ya pili, basi ikawa sheria. Mechi ikikaza, Alamelu alisimama jikoni nyuma ya mlango, mwiko mkononi, asikae wala asisogee, maana siku moja aliposimama hivyo timu ilishinda. Hakubisha. Nyumba nyingi za mtaa wao zilikuwa na mtu wa namna hiyo: huku mjomba aliyefungiwa bafuni, kule shemeji aliyekatazwa kukunjua miguu. Kwa Nagalingam, mtu huyo alikuwa mke.

Sasa Nagalingam alikuwa na mwaka mmoja tangu afariki, na Alamelu alikuwa ameomba jambo moja tu: aione India ikishinda, kwa macho yake, naye amekaa kitako.

Ilikuwa siku ya tano ya mechi, ya mwisho. Ili ishinde, India ilihitaji mbio sitini na moja, ndizo alama za kriketi, na wapigaji waliosalia walikuwa wanne. Alamelu alishusha pumzi, akakaa. Kiti kilikuwa cha moto kama kikaango. Kabla hajakunja vizuri upindo wa sari yake, mpira ulipaa juu, ukashuka mikononi mwa mchezaji mmoja wa timu ya wageni. Mpigaji wa India alikuwa ametolewa.

Mbele yao alikaa mzee Varadan, mstaafu wa reli, taulo lililoloweshwa kichwani. Aligeuka taratibu.

"Nani amekaa sasa hivi?"

"Mama yangu, mzee," alisema Ilango. "Ndiyo mara yake ya kwanza."

"Hata mwizi ana mara ya kwanza," alisema Varadan, na safu nzima ikacheka. Alamelu naye akacheka, kwa adabu.

Baada ya nusu saa alikwenda msalani. Foleni ilikuwa ndefu, jua kali, na kurudi kulimchukua muda. Alipofika juu ya ngazi, mikono kumi ilinyanyuka kumzuia.

"Simama hapo hapo, mama! Usishuke!"

"Kuna nini?"

"Tangu uondoke hajatoka mtu," alisema Varadan. "Mbio ishirini na nne zimepatikana. Wewe ni mtu mzima, unaelewa mambo haya."

Alamelu alimtazama mwanawe. Ilango hakumtazama. Macho yake yalikuwa uwanjani, na magoti yake yakicheza kama ya baba yake.

"Kidogo tu, Mama," alisema. "Zimebaki ishirini na tisa. Nyuma ya nguzo hapo kuna kivuli."

Akaenda nyuma ya nguzo. Ilikuwa nene, imemfichia uwanja wote. Alijiegemeza, akavua ndala moja, akasikiliza. Hakuhitaji macho. Mguno wa chini, mpira umepita karibu na fimbo ya mpigaji. Kelele inayopanda na kuendelea kupanda, mpira umefika mpakani, mbio nne. Aliijua kriketi hivyo, kama mtu anavyowajua majirani kwa kikohozi. Mshipa wa mguu wa kushoto ukaanza kumwuma, na mkono wake ukajikunja wenyewe, kama umeshika mwiko.

Aliutazama ule mkono. Hakukasirika, hasira nayo inataka nguvu. Aliona tu kwamba amevuka mji mzima, mabasi mawili, ili aje asimame nyuma ya mlango.

Akavaa ndala, akashuka ngazi.

"Mama, we mama! Utatuua!"

"Zimebaki kumi na sita! Ilango, mshike mama yako!"

Ilango aliinuka, mikono mbele. "Mama, tafadhali. Dakika kumi."

"Mwanangu, baba yako naye alikuwa akisema dakika kumi. Nipishe."

"Tukishindwa je?"

"Tushindwe nimekaa."

Akapita, akaketi. Varadan alijifunika uso kwa taulo. Mrushaji wa wageni akaanza kukimbia kutoka mbali, na Alamelu akamwona mzima: nywele zilizolowa, mguu anaouburura kidogo. Kumbe naye amechoka. Mpira ukagonga ardhi, ukapinda mahali ambapo hakuna aliyeutarajia, na zile fito tatu zilizochomekwa nyuma ya mpigaji zikatawanyika, naye akatolewa.

Hakuna aliyemtukana. Ingekuwa nafuu. Safu nzima iligeuka ikamtazama, kisha ikageukia mbele. Yeye hakuinuka. Siku zote fito zikianguka alikuwa akisikia mlio wa watu tu. Hakujua kwamba ufito mmoja huruka juu, ukizunguka polepole.

Wapigaji waliobaki nao hawakudumu, na India ilishindwa kwa mbio saba.

Watu walianza kutoka. Varadan alisimama mbele yake, akaenda zake akikamua taulo. Ilango alibaki amesimama.

"Ungesubiri tu kidogo, Mama."

"Labda," alisema Alamelu.

"Haya, twende. Mabasi yatajaa."

"Yajae. Mimi bado nimekaa."

Ilango alimtazama, akatazama mlango wa kutokea uliosongamana watu. Chini, wafanyakazi walikuwa wakichomeka upya zile fito, wakizipima, kisha wakazing'oa tena. Alamelu aliwakodolea macho bila kupepesa, miguu ameinyoosha juu ya kiti cha Varadan.