Seli za Dada

Seli za dada yangu zilikuwa zimeota. Nilifuta lenzi ya hadubini, nikachungulia tena, nikafuta hata miwani yangu. Zilikuwapo, vichaka vidogo vilivyonenepa, kisahani kizima.

Hazikutakiwa kuota. Seli yenye afya ni lazima ishike kitu, kama mtoto anayejifunza kusimama. Ukiining'iniza katikati ya agari laini, ute unaoganda kama jeli, inakufa. Zinazostawi humo ni za saratani. Ndiyo maana sisi wa maabara tuliomba vipande vya ngozi kwa watu wazima wenye afya, tulinganishe na vya wagonjwa, na dada, fundi cherehani, akaja akanyoosha mkono huku akinitania, "Mnishone vizuri basi, si kama unavyoshona wewe."

Sasa sikujua nishike lipi. Nimechanganya visahani? Lebo ilikuwa yake. Nilimpigia simu, nikaropoka aache kazi, aende hospitali leo hii.

"Mbona unanitisha?" akauliza.

Nikakata simu. Hata leo, miaka yote hii, nikishika kisahani cha agari nasoma lebo mara tatu.

Msimamizi wetu alinikuta nimekaa sakafuni. Akachungulia, akashusha lenzi chini, chini zaidi.

"Njoo uone. Hazimo ndani ya agari. Zimeshika kitako cha kisahani."

Agari ilikuwa mpya, ile inayoyeyuka kwa joto dogo ili isiunguze seli. Ya zamani iliganda palepale mezani. Hii ilitaka friji kwanza. Sisi, kwa mazoea, tuliingiza visahani kwenye kabati la joto la kuoteshea seli, agari ikiwa bado uji. Huenda seli zilizama tu, zikapata pa kushika.

"Huenda?" nikamuuliza.

"Huenda. Turudie."

Tukarudia, safari hii kwa friji. Siku ya kusoma visahani dada alikuja mwenyewe, akakaa kwenye benchi la ukumbini, mkoba mapajani. Nilichungulia juu, katikati, chini. Nikatoka mbio.

"Zimekufa, dada! Zimekufa zote!"

"Zangu?"

"Zako!" Nikamkumbatia, nacheka, machozi yananitoka.

Mikono yake haikuinuka. "Mdogo wangu," akasema taratibu, "sasa mimi nilie au nicheke?"