Matairi ya Kupandia Kishanda

Klaudia aliingia kwenye duka la matairi la Jamali akiwa amevaa gauni la kanisani na viatu vya kisigino, na mkononi amebeba ndoo ya udongo.

"Shangazi," alinong'ona Wilbert, mtoto wa kaka yake, huku akitazama barabarani kama asiyependa kuonekana, "ndoo ya nini tena?"

"Ya mtihani." Klaudia aliitua ndoo juu ya kaunta, chwaa, na vipeperushi vya Jamali vikatapakaa matone mekundu. "Udongo wa Kishanda huu. Umeletwa asubuhi na basi, kwenye kiti, kama abiria. Nionyeshe matairi."

Nje ya duka lilikuwa limeegeshwa gari lake, V8 nyeusi ya kung'aa ambayo mji mzima wa Bukoba uliijua. Aliinunua kwa jasho la nyumba yake ya wageni pale Rwamishenye, na hakuna aliyemsaidia hata kuosha kioo. Mwili wa gari ulikuwa mzuri bado, lakini matairi yalikuwa yamebaki vipara, laini kama viganja vya karani. Na Jumamosi gari hilo lilikuwa limbebe Jovita, dada yake Wilbert, kutoka kanisani Bukoba hadi kwa wakwe zake Kishanda, huko Muleba.

Wilbert ndiye aliyekuwa mwenyekiti wa kamati ya harusi. Kamati hiyo ilikwisha kugombana kuhusu rangi ya vitambaa na urefu wa keki, na juzi ikafika kwenye matairi. Wilbert alikuwa na chaguo lake tayari. Alikwenda moja kwa moja kwenye kona ya duka, akagonga tairi pana, jembamba ubavuni, lililovalishwa rimu kubwa ya fedha inayomwakisi mtu uso.

"Haya hapa," alisema. "Ninayo tayari kwenye gari langu. Gari linakaa chini, linakuwa na adabu. Picha zitatoka, Shangazi! Watu watalia."

"Watalia kweli," Klaudia alisema. "Nipe nafasi."

Alikunja mikono ya gauni, akachota donge la udongo kwenye ndoo, akalisindilia kwa kiganja kwenye mifereji ya lile tairi pana. Kisha akalipiga tairi kofi moja zito. Udongo ulibaki palepale, umejaa kwenye mifereji, laini na bapa kama siagi kwenye mkate.

"Unaona? Likizunguka mara moja tu, limekwisha kuvaa kandambili. Lingine."

Jamali alikuwa ameuza matairi maisha yake yote ya utu uzima, kwa wakubwa wa serikali, kwa mapadri na kwa wachuuzi wa samaki, na hakuwahi kuona mteja anayalisha matairi udongo. Mwanzoni alicheka. Kisha akaacha kucheka, akavuta kigoda. Kisha akaanza kuyaleta mwenyewe, moja baada ya jingine, akilitetea kila moja kama wakili.

"Hili, Mama, ni la mchanganyiko. Lami na vumbi, vyote linavikubali."

Kofi. Udongo ukang'ang'ania.

"Vumbi sawa. Mimi sina vumbi, nina Aprili. Lingine."

"Hili jipya kabisa, soma hata tarehe ya kutengenezwa hapa ubavuni."

"Nimeisoma nikiwa mlangoni. Mbona mpira wenyewe mgumu hivi? Lingine."

Hatimaye Jamali alitoka stoo akiviringisha tairi lililompa aibu kidogo kulionyesha. Lilikuwa refu ubavuni, zito, lina meno makubwa yaliyoachana kama ya mtoto anayebadilisha meno. Klaudia alilisindilia udongo kuliko yote yaliyotangulia, akatumia hata ngumi. Akalipiga kofi.

Donge zima lilidondoka sakafuni, tumbwi, na mifereji ikabaki wazi.

Klaudia akalisindilia tena, akalipiga tena. Tumbwi.

"Hili," alisema.

"Shangazi, hili la trekta!" Wilbert alishika kichwa. "Na linataka rimu ndogo. Unaivua V8 rimu zake, unaivalisha gumboti! Kamati itasema nini?"

"Kamati itapanda mlima?"

"Lakini heshima, Shangazi..."

"Mwanangu," Klaudia alisema huku akijifuta mikono kwenye kitambaa cha Jamali, "heshima ya bibi harusi haiko kwenye rimu. Iko miguuni."

Jambo hilo Wilbert alilijua. Kagera nzima ilikuwa imeshalisikia.

Pale juu kilimani Kishanda, bibi harusi hakanyagi ardhi ya njiani. Gari humfikisha hadi mlangoni kwa baba mkwe, ambako nyasi mbichi zimetandazwa, na mguu wake wa kwanza hugusa nyasi hizo. Kutoka hapo huingizwa ndani, akapakatwa na wakwe zake kama mtoto aliyezaliwa nyumbani humo. Na kwa kuwa Wakatoliki hawafungi ndoa wakati wa Kwaresima, harusi nyingi hurundikana baada ya Pasaka, mvua inapokuwa imevimba. Kila mwaka watu wanalalamika, na kila mwaka wanaoana wakati uleule.

Klaudia naye aliolewa baada ya Pasaka, na mlimani hukohuko. Gari dogo la kukodi lilifika katikati ya mpando, likazunguka magurudumu, likajilaza mtaroni kama mlevi. Alishuka. Tope lilimeza kiatu kimoja cheupe, kisha likarudia cha pili. Alifika kwa wakwe zake peku, shela limelowa hadi magotini, na ikabidi aoshwe miguu kwanza nyuma ya jiko kabla ya kupakatwa. Marehemu mume wake, Buberwa, alikuwa mtu mwema, hakuligusia jambo hilo hata siku moja. Lakini kwenye kibanja cha jirani, shamba la migomba lililopakana na lao, palikuwa na mke kijana aitwaye Kokubanza, aliyeolewa wakati wa kiangazi akafika mkavu kama unga. Kokubanza ndiye aliyempa jina: Bibi Peku.

Jina lilimganda. Aliitwa hivyo sokoni, misibani, hata kwenye sala za jumuiya. Siku alipopanda na V8 kwa mara ya kwanza kwenda kuona kahawa yake, Kokubanza alichungulia dirishani, akapitisha macho kwenye viti vya ngozi, akauliza kwa upole, "Na viatu umekuja navyo, Bibi Peku?"

Na sasa mtoto wa kiume wa Kokubanza, Kyaruzi, ndiye aliyempenda Jovita. Kati ya vijana wote wa Muleba! Wiki iliyopita Kokubanza alipiga simu kuuliza idadi ya wageni, na kabla ya kukata akasema, "Mwambie binti yetu achague viatu vya kuvulika upesi." Akacheka. Klaudia alicheka pia. Alipomaliza kucheka alimtumia ujumbe mtu wa basi, kuhusu ndoo ya udongo.

*

Jumamosi mvua ilianza wakati wa misa na haikuomba ruhusa ya kuendelea. Msafara uliondoka Bukoba matarumbeta yakilia, ukashuka Muleba kwa lami bila shida. Gari dogo la Wilbert lilikuwa mbele, likimeremeta kwa rimu zake, na mpiga picha amekaa nusu nje ya dirisha chini ya mwavuli. Nyuma yake ilifuata V8 na meno yake makubwa, ikinguruma kwenye lami kama mzinga wa nyuki. Klaudia alikuwa kwenye usukani mwenyewe. Yeye ndiye aliyemkataa mapema dereva wa kukodi.

"Shangazi," Jovita aliuliza kutoka kiti cha nyuma, ameshika mkono wa Kyaruzi, "tukikwama je?"

"Viatu vyako ni rangi gani?"

"Vyeupe."

"Basi vitabaki vyeupe."

Waliiacha lami, wakaingia barabara ya udongo, migomba pande zote ikiinamia maji. Walipofika chini ya mpando wa Kishanda, Klaudia alikanyaga breki, akatazama juu, na moyo wake ukamshuka hadi kwenye pedeli.

Akina Kokubanza walikuwa wamempa bibi harusi heshima kubwa mno. Nyasi za mlangoni hawakuziona zatosha. Walikuwa wamekata migomba, wakaichana vipande virefu, wakaitandika barabarani kutoka chini hadi juu, na juu yake wakamwaga nyasi mbichi. Zulia zima, jeupe na kijani, katikati ya mpando. Hakuna aliyefikiria kwamba mgomba uliochanwa, ukinyeshewa, ni sabuni.

Wilbert hakufikiria pia. Alipiga honi, akalipanda zulia kwa mbwembwe. Gari lilikwenda hatua chache, likasita, likaanza kuteleza kinyumenyume taratibu, kwa adabu yake yote, likaenda likajilaza mtaroni. Mtaro uleule. Matarumbeta yakakatika katikati ya wimbo.

Juu kilimani, chini ya miavuli, ukoo mzima ulikuwa umesimama ukitazama. Katikati yao alisimama Kokubanza katika kitenge cha njano, mikono kiunoni.

"Tushuke tuondoe migomba," alisema Kyaruzi.

"Migomba aliyotandika mama yako kwa mikono yake? Umtupie heshima yake mtaroni, mbele ya watu, siku ya harusi?" Klaudia alitikisa kichwa. "Kaa."

Alifungua mlango, akashuka na gumboti alizokuwa ameficha chini ya kiti, akazunguka gari akitoa upepo kidogo kwenye kila tairi, hadi mbavu zake ndefu zikatuna na meno yakakaa chini vizuri, mapana. Aliutazama mpando tena. Udongo aliufahamu. Udongo ameupima, ameupiga makofi. Mgomba hakuupima. Basi asiukanyage.

Zulia lile lilikuwa na upana wa mkeka. Waliolitandika walipima upana wa mtu anayetembea, si wa gari. Na V8 ilikuwa ndefu kwenda juu, pana miguuni.

Klaudia alirudi kwenye usukani, akabadilisha viatu, akaweka gia ya chini kabisa. Aliielekeza pua ya gari katikati kabisa ya zulia, magurudumu ya kulia kwenye tope tupu la kulia, ya kushoto kwenye tope tupu la kushoto, ukingoni mwa mtaro, hivi kwamba heshima yote ya Kokubanza ikapita chini ya tumbo la gari bila kuguswa.

"Mama Bikira," alinong'ona Jovita.

"Mwambie ashike nyuma, mbele nipo mimi."

Gari lilianza kupanda. Halikukimbia. Lilitafuna. Tope lilijaa kwenye meno, na kila gurudumu lilipozunguka, madonge yakatemwa nyuma, tumbwi, tumbwi, tumbwi, kama dukani kwa Jamali. Karibu na gari la Wilbert tairi la kushoto lilimomonyoa ukingo, V8 ikainama, Kyaruzi akataja majina ya watakatifu asiowajua. Klaudia hakukanyaga mafuta wala breki. Alisubiri. Meno yakapapasa, yakapapasa, yakapata pa kuuma. Gari likajinyanyua, likajitikisa, likaendelea.

Mtu wa kwanza kupiga vigelegele alikuwa kikongwe fulani chini ya mwavuli mwekundu. Kisha wa pili. Kisha kilima chote. Matarumbeta kule chini yakaona hayawezi kupitwa, yakaanza wimbo upya kutoka mwanzo.

V8 iliingia uani na kusimama mlangoni kwa mzee Mwijage, mume wa Kokubanza. Kyaruzi alifungua mlango. Jovita alitoa mguu mmoja, kiatu cheupe kama maziwa, akaushusha juu ya nyasi mbichi. Halafu wa pili. Akasimama akiitazama miguu yake, akaangua kicheko, na wanawake wakamchukua ndani akapakatwe.

Klaudia alibaki ameshika usukani. Alipoinua macho, Kokubanza alikuwa amesimama nje ya mlango wa dereva, mikono imejaa nyasi.

Kokubanza aliinama akalitazama tairi, akaliminya donge la mwisho lililoning'inia kati ya meno. Lilidondoka. Akazitandaza nyasi zile chini ya mlango, kwa utaratibu, akizinyoosha kwa viganja kama anayetandika kitanda.

"Wewe hukufika vizuri siku ile," alisema. "Na mimi ndiye niliyecheka kuliko wote. Shuka, waitu, mwenzetu. Shuka, bibi harusi."

Klaudia aliangalia viatu vyake vya kisigino. Vilikuwa vikavu. Alishusha mguu mmoja, kisha mwingine, nyasi zikalala chini ya visigino, mbichi na laini, na Kokubanza akapiga vigelegele virefu mno kwa mwanamke wa umri wake, hadi akakohoa.

Walikuwa bado wameshikana mikono Wilbert alipotokea kilimani, akipumua kama aliyefukuzwa, suti imepakwa tope hadi kiunoni. Viatu vyake alikuwa amevibeba mkononi. Yaani kimoja. Cha pili kilibaki na mlima.

Kokubanza alimkagua kuanzia nywele hadi vidole vya miguu.

"Karibu sana," alisema. "Bwana Peku."

Uani watu walicheka hadi wengine wakaegemea migomba. Klaudia ndiye aliyecheka kuliko wote, kisha akamwonea huruma mtoto wa kaka yake, akamshika bega.

"Njoo nyuma ya jiko," alimwambia. "Wanaosha miguu huko. Mahali napafahamu."