Fungua Maji Kwanza

Amrit Singh alikuwa amekwisha kuandika hukumu kabla ya kuifungua injini, na hilo ndilo lililomnyima utulivu.

Hukumu zake ziliandikwa kwa chaki kwenye ubao mweusi uliotundikwa ukutani mwa gereji, hatua chache kutoka Dagoretti Corner. Kila injini iliyoingia iliandikwa hapo mambo matatu: jina lake, ugonjwa wake, na aliyekosa. Sheria ya ubao ilikuwa kali. Kilichoandikwa hakifutwi mpaka mwaka uishe; kikionekana si kweli, hukatwa kwa mstari mbele ya watu na ukweli ukaandikwa chini yake. Kwa miaka kumi na tisa hakuna mstari uliokuwa umepigwa, na Amrit hakuwa mtu wa kuificha fahari hiyo.

Jumatatu lori lilipoishusha injini ya mashua ya wagonjwa kutoka visiwani, Ziwa Viktoria, alichomoa kijiti cha kupimia oili, akakiinua kwenye mwanga na kuona ute wa rangi ya chai ya maziwa. Hakuhitaji zaidi. Aliandika: *Mashua ya zahanati. Maji ndani ya oili. Mwendeshaji.* Injini hiyo aliiunda upya yeye mwenyewe mwezi wa pili, ikatoka ikinguruma kama simba aliyeshiba. Nani mwingine angekosa? Philister, katibu wa kamati ya mashua, aliomba picha ya ubao, akatumiwa.

Sasa ilikuwa Alhamisi. Saa kumi alasiri kamati ingekutana kumfukuza kazi mwendeshaji, na mwendeshaji mwenyewe, Ochola, aliyekuja na lori lile, alikuwa ameketi juu ya tairi kuukuu karibu na lango, kofia magotini, gunia miguuni, siku ya nne mfululizo. Hakulalamika. Alitazama tu.

"Huyo jamaa macho yake yananichoma mgongo," alinong'ona Jackie, fundi aliyefanya kazi na Amrit kwa miaka kumi na miwili na kuzoea kusema alichokiona. "Bosi, tumepata nini mpaka sasa?"

"Kazi inaendelea."

"Inaendelea wapi? Tumezunguka kama kuku aliyefungwa mguu."

Amrit aliizungusha bangili ya chuma mkononi mwake, akaenda hadi langoni, akarudi. Walikuwa wamechota kijiko cha oili ile wakakipasha moto, ikatatarika kama mafuta yaliyodondokewa na maji: kwamba maji yamo hakukuwa na shaka. Lakini yaliingilia wapi? Maji ya kijani ya rejeta hayakupungua hata tone. Basi hayakuwa hayo, yalikuwa ya ziwa. Kipozea oili walikijaza upepo wakakizamisha ndani ya beseni. Hakikutoa hata povu moja. Gasketi ya hedi walipima shinikizo lake mara mbili, ikasimama imara. Kila mlango waliougonga ulikuwa umefungwa, naye ndiye aliyeufunga, mwezi wa pili, kwa mikono yake. Alipaswa kufurahi. Badala yake alihisi kama mtu anayetafuta funguo katika nyumba aliyoijenga mwenyewe.

Saa saba walifungua ekzosi. Jackie aliingiza tochi, akapiga mluzi.

"Kutu. Silenda ya mwisho, kwenye vali. Maji yalirudi kupitia hapa, Bosi, yakateremka kandokando ya pistoni mpaka chini."

Amrit aliinuka ghafla. Hatimaye! Alimwendea Ochola kwa hatua za mwalimu wa zamu.

"Bwana Ochola, uliiegesha mashua ikiyapa mawimbi mgongo. Maji yakapanda bomba la ekzosi."

"Hapana, Mzee."

"Kutu haidanganyi."

"Hata mimi sidanganyi. Hiyo bomba iko na kifuniko yake, wimbi ikikuja inajifunga. Na mashua yetu inalala kwa ghuba. Huko maji imetulia kama ya sufuria." Ochola alivaa kofia yake. "Siku nne niko hapa. Umeuliza injini maswali yote. Mimi hujaniuliza hata moja."

Jackie akajifanya anatafuta spana.

Maneno yale yalimkaa Amrit kama mfupa kooni. Shule ya bweni iliyomlea ilimfundisha kwamba mshtakiwa husikilizwa kabla ya kuadhibiwa; ndivyo yeye mwenyewe alivyokuwa akiwasimulia watoto wake, mezani kwao Muthangari, mpaka wakachoka. Alitazama saa. Saa nane na nusu.

"Haya. Nionyeshe unavyoiwasha."

Ochola alitoa mfukoni kadi iliyofunikwa kwa plastiki, akaisoma kwa sauti, ingawa ilionekana wazi kwamba aliijua kwa moyo. "Moja: fungua maji kwanza. Mbili: piga stata mpaka iwake. Tatu: usifunge maji kamwe kabla ya kuzima." Akainua macho. "Mwandiko wako, Mzee. Ulinipatia hapahapa, mwezi wa pili."

"Na ni sahihi. Pampu ikizunguka bila maji, mpira wake huungua."

"Sawa. Lakini asubuhi kuna baridi na betri yetu ni mzee. Napiga stata mara nane, mara kumi. Mgonjwa analia nyuma, mimi napiga tu."

"Na maji yamefunguliwa?"

"Si kadi imesema?"

Amrit aligeuka kulitazama bomba la ekzosi la hapo gerejini: lilitoka dirishani, likashuka moja kwa moja hadi mtaroni. Hapa maji ambayo pampu huyavuta kupoza injini, kisha huyamwaga kwenye ekzosi, hayakuwa na mahali pa kukaa. Lakini kwenye mashua?

"Ndani ya gunia kuna nini?" aliuliza, sauti ikiwa imeshuka.

"Sailensa ya mashua. Nilijua mtaihitaji."

Lilikuwa sanduku la chuma lenye tumbo kubwa, la kukusanya maji mpaka moshi wa injini inayowaka uyasukume nje. Waliifunga ekzosi na sanduku lile pamoja, wakaacha kiungo cha juu kikiwa kimelegea kidogo, wakakata dizeli ili injini isiwake. Ochola akafungua maji kwanza, kama ilivyoamriwa, akapiga stata. Mara ya kwanza, kiungo kikavu. Mara ya tatu, kikavu. Amrit hakuweza kusimama mahali pamoja; alizunguka injini huku na huku kama anayesubiri habari nje ya wadi. Mara ya saba maji yakachuruzika kwenye kiungo kilicholegea, shingoni kabisa mwa injini.

Injini isiyowaka haina moshi wa kusukuma. Kila stata ilikuwa imelijaza tumbo lile, na tumbo liliposhiba likatapika ndani ya silenda. Ochola hakukosa. Alitii.

Dakika kumi kabla ya saa kumi, Amrit alipiga simu mwenyewe.

"Bwana Singh," alisema Philister, "kamati imeketi. Picha yako tuko nayo hapa."

"Niweke kwenye spika, tafadhali. Bwana Ochola alifuata maagizo. Maagizo ndiyo yaliyokuwa mabaya."

"Maagizo ya nani?"

Bangili ilizunguka mara moja, mara mbili. "Yangu. Niliyaandika huku nchi kavu, sijawahi kuiona mashua yenu."

Upande wa pili mtu alikohoa. Mzee mmoja akauliza, "Kwa hivyo kijana arudi kazini?"

"Arudi na injini yake. Nitaimwaga oili mara tatu mpaka iwe safi, na sitaki shilingi."

Kisha akauendea ubao. Mstari alioupiga juu ya neno *Mwendeshaji* ulipinda, kwa kuwa mkono haukuuzoea. Chini yake akaandika *Amrit Singh*.

"Kubwakubwa, Bosi," alisema Jackie. "Hata wateja wa Kilimani wasome bila miwani."

Ochola hakucheka. "Piga picha, Mzee. Ile ya kwanza ilipigwa."

Amrit akapiga, akaituma. Halafu akachukua kadi tupu na kalamu, akavisukuma mezani.

"Andika wewe. Wewe ndiye unayeijua mashua."

Ochola akavuta kiti. Aliandika polepole, stata kwanza, maji mara tu injini ikiwaka, akikata hapa, akirudia pale, naye Amrit Singh, ambaye hakuzoea kusimama nyuma ya mtu, akasimama nyuma yake akisoma, akibadilisha mguu huu na huu.