Namba Moja, Viwanda Viwili

Wewe mzazi ambaye mwanao anajaza baruti mwenyewe kwenye maganda ya risasi nyumbani, soma hii kabla hujamwacha peke yake na mizani.

Binti yangu Kendra alitaka kumshinda jirani yetu, mzee Orrin Skaggs, kwenye shindano la kulenga shabaha ambalo zawadi yake ni batamzinga. Kila mwaka ndege alienda kwa Orrin, na sisi tukabaki kusikiliza majigambo. Kendra alikuwa na bunduki yake ya tundu dogo, ile ya kupigia kuchakuro malishoni. Ila baruti ilimwishia, na duka la hapa halikuwa nayo. Orrin akaja gereji kwetu, Kendra anakojazia risasi, na kopo lake la baruti.

"Chukua, binti. Namba ileile ya baruti unayotumia."

"Mzee, unanipa fimbo ya kukuchapia?"

"Hata nikikupa mzinga hunipati!"

Wakacheka. Kendra akafungua kitabu cha vipimo kwenye ukurasa wa baruti yake ya siku zote, akaanza kumimina baruti kwenye mizani. Mimi nilikuwa naleta kahawa. Nikatazama kopo, nikatazama kitabu. Namba kweli moja, ila majina ya viwanda mawili.

"Kendra, acha! Hiyo ni ya kiwanda kingine."

"Mama, namba ni namba."

"Darasani mlikuwa Kendra wawili. Yule akila, wewe ulikuwa unashiba?"

Orrin akadakia, "Mama Kendra, wewe hata kibaniko cha mkate unakiogopa."

"Nakiogopa, ndiyo. Na macho ya mwanangu hayauzwi dukani."

Nikalishika kopo, sikuliachia. Kendra kwa hasira akafunua kurasa mpaka akaikuta baruti ya Orrin, ina ukurasa wake mwenyewe. Kipimo alichokwisha kuweka kilikuwa kimevuka hata kile cha juu kabisa cha baruti ile. Bunduki ingempasukia shavuni.

"Mimi huwa napunguza," Orrin akasema, anajikuna shingo. "Nilisahau kukwambia."

Alisahau!

Basi tukaendesha gari hadi mji wa pili. Kendra akachagua kopo jipya, halijafunguliwa, baruti ya chembe ndogo inayofaa ganda dogo na risasi nyepesi. Haikuwa ya kasi kuliko zote. Alianza na kipimo cha chini cha kitabu, akapanda kidogokidogo, kila mara anapiga za majaribio na kukagua kitako cha ganda, kisije kikaonyesha dalili ya baruti kuzidi. Risasi zilipoanza kupita tundu moja kwenye karatasi ya shabaha, akaishia hapo, ingawa kitabu kilimruhusu kuendelea.

Siku ya shindano Orrin alitangulia. Risasi zake zilikuwa na kasi ya radi, lakini zilitawanyika kama kuku waliorushiwa jiwe. Kisha mwanangu akalala kifudifudi, akapiga. Walipoleta karatasi yake, sarafu ya robo dola ingeyafunika matundu yote.

"Chezea binti!" watu wakapiga kelele. "Orrin, mwaka huu utakula maharage!"

Orrin akavua kofia. "Mama Kendra, binti yako ameniua."

Nikamwambia, "Bora akuue wewe kwa shabaha, kuliko wewe kuniulia yeye kwa kopo."

Wakaangua kicheko, na Kendra akanikimbilia na batamzinga kifuani, macho yote mawili yanang'aa.