Mbegu za Ukutani

Ukuta ulikuwa bado mbichi, unanukia udongo na samadi. Mama alisimama mlangoni mwa jiko lake la nyuma, plasta ya sindano ikiwa bado mkononi, akautazama bila kupepesa. Mimi nilijua kilichokuwa pale.

Pale, juu ya mafiga, ndipo Mama alipobandika mbegu zake za nyanya. Kila msimu alichagua zilizoivia mtini, akazikamua, akavuruga mbegu na jivu, kisha akazipaka ukutani ili moshi uzilinde na wadudu. Zilikuwa nyanya za mikunjomikunjo, chachu, laini kupindukia. Sokoni ungerudi nazo. Alipewa na mama yake, naye alipewa na wake, na Mama alipoolewa kutoka Matungu kuja huku Shirere, alizibeba. "Hizi ndizo zilinilea," alikuwa akisema, na ukicheka anakununia siku nzima. Msimu ule mvua ilikuwa imeozesha zote shambani. Zilibaki za ukutani tu, na ukuta ulikuwa umekandikwa upya.

Aliyeukandika alisimama kando ya pipa la maji, udongo umemkaukia hadi viwikoni. Alikuwa Sellah, mke wa kaka yangu Abdulfatah. Tangu waoane, Mama hakuwa amemjibu hata salamu. Sellah ni mtoto wa watu wa kanisa, kule Malava, na kaka yangu alimwoa kimyakimya, sisi tukapata habari kwa majirani. Mama alimwita "yule". Mimi, niseme kweli, mara nyingine nilimwonea huruma, mara nyingine nikaona amejitakia.

Sasa "yule" alikuwa amesikia Mama anaruhusiwa hospitalini, akaja peke yake nilipokwenda kumchukua Mama. Kwao, mama mkwe akiugua, mke wa mwana humkandikia jiko ili asirudi kwenye ukuta wa nyufa. Heshima kubwa kuliko hiyo hawana.

Nilifungua mdomo. Mama akanifinya mkono hadi nikaufumba.

"Nani alikufunza kukandika hivi?" akamwuliza Sellah.

"Ni mama. Anakandikanga hivi."

"Alikufunza vizuri, Sellah. Nawa, tunywe chai."

Sellah alinawa huku analia waziwazi, kisha akaenda kwa jirani kutafuta maziwa. Alipotoka tu, Mama aliingia, akaweka kiganja juu ya mafiga, kwenye udongo ule mbichi, na mabega yakaanza kumtetemeka. Sikuwahi kumwona Mama akilia, hata tulipomzika Baba.

"Tukibandua sasa hivi, labda zingine zitapona," nikasema.

"Atarudi aukute umebanduliwa. Nitamwambia nini?"

"Mwambie ukweli, Mama. Si ataelewa?"

"Ataelewa, Hadijah. Na hatagusa kitu changu tena mpaka nife." Akajifuta kwa ncha ya leso. "Ukimwambia, mimi na wewe basi."

Nilikasirika. Nilimkasirikia Sellah kwa bidii yake, kaka yangu kwa siri zake, na Mama zaidi, kwa kuchelewa kumpenda mtu hadi mapenzi yamgharimu kiasi hicho. Chai ile niliinywa kama dawa. Sellah alirudia kunimiminia, ananiita wifi, nami nikatabasamu kwa shida.

Mvua zilipoanza, Sellah alimletea Mama miche kutoka kitalu kimoja cha Malava, nyanya za kisasa, zile za duara zinazolingana. Mama aliipanda palepale zilipokuwa zikikaa zake. Aliipalilia, akaifungia miti, akaamka mapema kuinyunyizia jivu. Zilipoiva aliwagawia majirani, akisema ni za mkwe wake.

Yeye hakuonja hata moja. Mboga zake alizipika bila nyanya, akidai tumbo linamsumbua, na Sellah, maskini, akawa anamletea mapapai ya kulituliza.